Nilipopanda Kilima cha Singavaram

Bwana Mhariri wa Sehemu ya Kiswahili amenitaka niwaeleze wasomaji habari za safari yangu ya India. Wenzangu wa Kidato cha Sita wamekwisha kuniuliza maswali mengi juu ya ndege, juu ya miji mikubwa na juu ya chakula chenye pilipili, na hayo nimewajibu bwenini. Hapa nataka kueleza jambo moja tu, ambalo kwa ajili yake nimeulizwa maswali mazito zaidi, hasa na wenzangu wa chama cha sala. Jambo lenyewe ni siku ile nilipopanda kilima mpaka hekalu la Wahindu lililomo pangoni. Wengine wamesikia nusu yake tu, na nusu ya habari huzaa uvumi. Basi naieleza yote.

Kwanza, sababu ya safari. Mdogo wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 12, alikuwa na ugonjwa wa moyo. Ugonjwa huu huanza kwa jambo dogo sana, nalo ni koo kuuma. Vijidudu vya koo visipotibiwa kwa dawa kama penisilini, mtoto aweza kupata homa na maumivu ya viungo, na baadaye vali za moyo huharibika. Vali ni kama milango midogo inayofunguka na kufungika ili damu ipite upande mmoja tu. Mlango mmoja wa moyo wa mdogo wangu ulikuwa umekakamaa, haufungiki sawasawa, na damu ikawa yarudi ilikotoka. Alikuwa hawezi kutoka nyumbani mpaka kisimani bila kuketi njiani mara mbili. Ndugu, majirani na Wakristo wa parokia yetu huko Kumi walichanga fedha, wengine wakauza ng'ombe, na mwanzo wa Januari mwaka 2025 tukaondoka Entebbe: mama, mdogo wangu na mimi. Mimi nilichukuliwa kwa kuwa mama hajui Kiingereza.

Tulishuka Mumbai, tukapanda ndege nyingine hadi Chennai, kisha gari la moshi mpaka stesheni ya Katpadi, ambayo ndiyo stesheni ya mji wa Vellore, katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Hospitali tuliyoiendea yaitwa Christian Medical College. Aliyeianzisha ni Ida Scudder, binti wa wamisionari wa Kimarekani, naye alianza mwaka 1900 na zahanati ya kitanda kimoja. Leo ni hospitali kubwa mno. Wagonjwa niliowaona wakipanga foleni walikuwa wengi wao Wahindu, na Waislamu pia, na Wakristo wachache. Asubuhi sala husomwa, na hakuna aliyeonekana kuchukizwa nayo. Jambo hilo liwekeni akilini, maana nitalirudia.

Mdogo wangu alipimwa siku nyingi, akawekewa siku ya kupasuliwa. Mama na mimi tulipanga chumba katika nyumba ya wageni karibu na hospitali. Mwenye nyumba alikuwa mzee aliyekuwa zamani mwalimu wa hesabu. Yeye aliniita tambi, yaani mdogo wangu kwa Kitamil, nami nilimwita Aiya, kama vijana wa kule wanavyowaita wazee kwa heshima. Jioni moja akaniambia kwamba kila mwaka, katika mwezi wao wa Margazhi ulio kati ya Desemba na Januari, huenda kumwabudu mungu wao Vishnu katika hekalu la Singavaram, karibu na kijiji alikozaliwa baba yake. Akasema, "Tambi, tangu mlipofika wewe wakaa ukitazama ukuta. Twende wote. Utarudi usiku uleule."

Nilimpasha mama habari. Akafikiri kidogo, akasema, "Nenda, mwanangu. Aliyetukaribisha kwake si vema kumkatalia. Lakini huko uendako, ujue wewe ni nani."

Tuliondoka saa tisa za usiku kwa basi. Kulipoanza kupambazuka niliwaona wanawake wakifagia mbele ya milango na kuchora maua kwa unga mweupe chini, kazi ya dakika chache ambayo nyayo za watu huifuta kabla ya jua kuwa kali. Kesho yake huchora tena. Tulipita mji wa Tiruvannamalai, wenye hekalu kubwa la Shiva chini ya mlima, na baada yake nchi ikaanza kujaa mawe.

Hapo nilishika kiti cha mbele nikachungulia, kwani nilidhani nimerudi nyumbani. Ninyi mliotoka Teso mwayajua mawe yetu ya Kumi, yale yaliyorundikana kana kwamba jitu limeyamwaga kutoka kikapuni, na mwaijua miamba ya Nyero, ambako watu wa kale walichora duara ndani ya duara kwa rangi nyekundu. Nchi ya Gingee, ambayo wenyeji huiita Senji, ni vivyo hivyo, ila mawe ni makubwa zaidi. Juu ya vilima vitatu kuna ngome ya kale yenye kuta zinazopanda na kushuka kati ya vilele. Shivaji, mfalme wa Wamaratha, aliiteka mwaka 1677, na Julai mwaka 2025, miezi sita baada ya safari yangu, UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na ngome nyingine 11 za Wamaratha. Lakini sisi hatukusimama ngomeni. Tuliendelea kilometa chache kaskazini, mpaka kijiji kidogo chenye mashamba ya mpunga, na kilima kimoja cha mawe kimesimama peke yake.

Chini ya kilima tulivua viatu. Wakatoliki wenzangu, msishtuke. Hata Musa aliambiwa avue viatu vyake. Ngazi ni zaidi ya mia moja, na jiwe lilikuwa bado baridi kwa umande. Tumbili walikaa kandokando wakitazama kikapu cha Aiya, ndani yake mna nazi, ndizi, tambuu, kafuri na taji la majani ya mrehani, ambayo Vishnu hupelekewa. Mzee hakuweza kupanda mfululizo. Kila baada ya ngazi ishirini aliketi, na kila alipoketi alinifundisha, kwa kuwa mwalimu hastaafu ulimi wake.

Akaniambia habari za Mahendravarman wa Kwanza, mfalme wa ukoo wa Pallava, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 7. Mahekalu mengi ya nchi ile yalikuwa yakijengwa kwa miti na matofali, nayo yakaoza na kubomoka. Mfalme huyo akaamuru mahekalu yachongwe ndani ya miamba. Katika kijiji cha Mandagapattu, si mbali na Gingee, liko pango alilolichongesha, na maandishi yake ya Kisanskriti yanasema kwamba nyumba hiyo imefanywa bila matofali, bila miti, bila madini na bila chokaa. Pango la Singavaram nalo ni la zama za Wapallava.

"Tambi," Aiya akaniuliza, "mjenzi akikosea tofali hufanya nini?"

Nikajibu, "Hulitoa, akaweka jingine."

"Na mchonga mwamba akikosea nguzo?"

Sikuwa na jibu. Akasema, "Nguzo haiongezwi. Kilichosimama ni kile ambacho hakikukatwa." Kisha akanieleza kwamba huko Mahabalipuram, pwani, yako mapango ambayo hayakumalizika, na ndani yake mtu aweza kuona kazi ilivyokuwa ikienda. Mafundi waligawa uso wa mwamba kwa miraba, wakachimba mifereji kati ya miraba, kisha wakavunja vile vipande vilivyobaki vimejitokeza, kimoja kimoja, wakaanza tena ndani zaidi. Wale waliopata kuwaona mama zetu wakigonga kokoto kando ya barabara wataelewa ni jasho la namna gani. Na wale wagonga kokoto hawatakiwi kuacha uso wa mtu ndani ya jiwe.

Tulipofika juu nililiona hekalu. Mbele yake pamejengwa ukumbi baadaye, lakini nyuma ya ukumbi mwamba wenyewe umefunguliwa, na nguzo nene zimeachwa katika mwamba uleule, hakuna mahali pa kuingiza hata wembe kati ya nguzo na dari. Ndani mlikuwa giza. Harufu ilikuwa ya kafuri, mafuta ya taa na popo.

Yako mahekalu mengi kusini mwa India ambayo asiye Mhindu haruhusiwi kuingia mpaka ndani. Kwa hiyo Aiya alikwenda kwanza kumwuliza kuhani. Kuhani alikuwa mtu mwembamba, amejifunga shuka nyeupe kiunoni, na alama ya Vishnu kwenye paji la uso. Alinitazama, akaonyesha kwa mkono penye nguzo moja ya mbele. Aiya akanitafsiria: "Asema simama hapo. Hapo utaona, wala hutakuwa umevuka." Nami nilifurahi kuambiwa hivyo, maana hapo ndipo nilipotaka kusimama.

Kisha kuhani akawasha taa, akaipeleka polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Sanamu ile ni kubwa kuliko nilivyotazamia. Ni Vishnu amelala juu ya nyoka mkubwa, naye katika hali hiyo huitwa Ranganatha. Urefu wake ni futi 24 hivi, na amechongwa katika jiwe lilelile la kilima. Hakuletwa pale kutoka kokote, na hakuna awezaye kumwondoa. Taa haikutosha kumwonyesha mzima. Ilionyesha uso, uso ukazama gizani. Ikaonyesha mkono, mkono ukazama. Mwisho ikaonyesha miguu. Watu kumi na wawili hivi waliokuwa pale, wanakijiji, walikunja mikono wakanyamaza kabisa.

Kichwa cha sanamu kimegeuka kidogo. Aiya alinisimulia sababu yake kwa sauti ya chini. Mwaka 1714 mtawala kijana wa Gingee, Raja Desingh, aligombana na Nawabu wa Arcot kwa ajili ya kodi. Askari wake walikuwa wachache mno. Masimulizi ya watu yanasema kwamba kabla ya vita alipanda kilima hiki kumwomba Ranganatha ruhusa, na mungu akageuza uso, yaani usiende. Desingh akaenda. Akauawa, na rafiki yake mpenzi, ambaye alikuwa Mwislamu, akafa pamoja naye. Mpaka leo nyimbo zao huimbwa vijijini.

"Wengi wetu," Aiya akasema, "huja kuomba ruhusa farasi akiwa ametandikwa tayari."

Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa nilikuwa na ombi langu moyoni, na siku ya kupasuliwa kwa mdogo wangu ilikuwa imebaki siku nne. Mimi nilikuwa nimeomba kila usiku, lakini nilikuwa nimeomba kama mtu aliyekwisha kuandika jibu. Sikuwahi kujiuliza nitakuwaje jibu likiwa la kugeuza uso.

Basi ndipo likaja jambo ambalo wenzangu wamelisikia nusu. Wahindu wana desturi ya kumpa kuhani jina la mtu na nyota yake ya kuzaliwa, moja katika zile nyota 27 wanazozihesabu, naye hulitaja jina hilo katika maombi mbele ya mungu. Aiya alitaja jina lake, la mkewe na ya watoto wake. Kisha akanigeukia, akauliza, "Tambi, mdogo wako aitwa nani? Nataka nimtaje."

Nilikaa kimya. Mbele yangu ilikuwa sanamu, na nyuma yangu ilikuwa amri ya kwanza niliyojifunza katika katekisimu nikiwa na miaka saba. Aiya akaona. Hakukasirika. Akasema, "Mwaka juzi nililazwa pale hospitalini kwenu, hospitali ya Wakristo. Usiku padri akapita vitandani, akaniuliza kama aniombee. Alimwomba Yesu. Mimi sikumkataza, wala sikuwa Mkristo asubuhi yake. Nilijua tu kwamba mtu ameketi kitandani pangu kwa ajili yangu."

Nikafikiri juu ya foleni ile ya wagonjwa wa Vellore wanaosikiliza sala zetu kila asubuhi. Ikiwa wao huvumilia kupendwa kwa lugha yetu, je, sisi tutakataa kupendwa kwa lugha yao? Lakini tena sikutaka kudanganya, si mbele ya mzee yule wala mbele ya Mungu wangu. Nikamjibu, "Aiya, mimi siwezi kumwomba huyu. Lakini wewe ukimwombea mdogo wangu kwa kadiri ujuavyo, siwezi kukukataza, na nakushukuru." Nikampa jina.

Nyota hatukuijua, basi kuhani akaendelea bila nyota. Nami nikasikia jina la mdogo wangu, jina la Kiteso alilopewa na nyanya yetu kwa kuwa alizaliwa wakati wa mvua, likitoka katikati ya maneno ya Kisanskriti, likagonga mwamba na kurudi. Lilikuwa ni neno moja tu nililolielewa katika sala yote. Sikupiga magoti wala sikukunja mikono. Nilisimama penye nguzo yangu, nikasali Baba Yetu kimoyomoyo, na safari hii nilipofika kwenye maneno ya mapenzi yake kutimizwa, sikuyapita mbio.

Baadaye kuhani alipita akiweka juu ya kila kichwa kofia ya madini yenye alama ya nyayo za Vishnu, kama baraka. Alipofika kwangu Aiya akanena neno moja kwa Kitamil, kuhani akatabasamu, akapita.

Tuliketi nje juu ya mwamba kula. Chini yetu mashamba ya mpunga yalikuwa ya kijani, na mbali zilionekana kuta za ngome juu ya vilele. Aiya alifungua majani mawili ya mgomba. Moja lilikuwa na wali wa ukwaju uliotolewa mbele ya sanamu na kugawiwa watu. La pili lilikuwa na wali uleule, lakini umetoka jikoni kwa mkewe. Alisukuma la pili upande wangu. "Huu haukuingia ndani," akasema. "Mke wangu aliupika mbali, kwa kuwa hatukujua dini yenu inasemaje juu ya chakula."

Ndugu wasomaji, mwajua kwamba Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya chakula kilichotolewa kwa sanamu. Tumejadili mlango ule katika somo la dini, na kila mmoja wetu alijali dhamiri yake mwenyewe. Sikutazamia kumkuta mama wa Kihindu aliyeamka usiku wa manane kupika chungu cha pili kwa ajili ya dhamiri yangu mimi.

Tulirudi Vellore usiku. Nilimweleza mama yote, pamoja na habari ya jina. Nilidhani atanikemea. Alinyamaza, akiishika rozari yake, kisha akauliza, "Jina alilitamka sawasawa?"

Nikasema, "Alilitamka kama mtu aliyebeba yai."

"Vema," akasema mama, akaendelea na rozari.

Mdogo wangu alipasuliwa siku ya nne. Kazi ilichukua saa tano na nusu, na vali yake ilitengenezwa. Alitoka salama. Sasa yuko shuleni, na kila baada ya wiki nne huchomwa sindano ya penisilini ili homa ile isimrudie. Hutembea mpaka kisimani na kurudi bila kuketi.

Wenzangu huniuliza: Je, ni sala ipi iliyosikiwa? Mimi huwajibu kwamba swali hilo si letu kulipima. Walikuwapo madaktari wenye mikono thabiti, wauza ng'ombe wa Kumi, rozari ya mama, na mzee mmoja aliyepanda ngazi akitweta. Imani yangu nilikwenda nayo na nilirudi nayo. Wengine hunitajia methali isemayo kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Lakini kule hakuna aliyenitaka nifumbe jicho. Waliniwekea mahali pa kusimama, mahali ambapo naweza kuona bila kuvuka, na chakula ambacho naweza kula bila kusitasita.

Siku moja baadhi yetu tutakuwa walimu, mapadri, madaktari na wenye nyumba, na watakuja kwetu watu wasiosali kama sisi. Wakati huo kazi itakuwa yetu: kumwonyesha mgeni penye nguzo yake, na kuamka mapema kupika chungu cha pili.